Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge: uraia wa kurithi usiorithishwa

Kwa: Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma
Nakala: Waziri mwenye dhamana ya uraia

YAH: MTOTO ALIYEZALIWA NJE YA NCHI NA MAMA AMBAYE NI RAIA WA KURITHI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo nilivyowafundisha watoto kuanza barua ya kiofisi kwa miaka mingi, na ndivyo nilivyoanza barua nne nilizoandika kabla ya hii. Mbili hazikujibiwa. Moja nilijibiwa kwa mdomo, nimesimama mlangoni. Ya nne nilirudishiwa nakala yake ikiwa na muhuri wa kupokelewa na neno moja la kalamu nyekundu: “Aelimishwe.” Nimeelimika, Waheshimiwa, ndiyo maana hii ya tano naiandika mbele ya watu.

Ofisi hizo sizitaji. Watumishi niliowakuta, ukimwacha mmoja aliyekuwa na haraka ya chakula cha mchana, walinisikiliza vizuri, na walichoniambia ndicho kilichoandikwa kwenye sheria. Kumshika mtumishi shati kwa sababu ya sheria ambayo hakuitunga ni kumwonea. Mnaotunga ni ninyi, kwa hiyo nakuja kwenu.

Kwanza mambo yalivyokuwa, na mjue mapema kwamba raia wa kurithi ni yule aliyezaliwa nje ya nchi akapata uraia kupitia kwa mzazi wake.

Machi 1997 nilijifungua binti katika hospitali moja ya Mombasa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini za boti huko, nami niliacha kazi kwa muda nikamfuata. Sote wawili ni wazaliwa wa Tanga. Wazazi wetu ni wa Tanga na Pangani. Agosti mwaka ule ule yakazuka machafuko ya Likoni, na sisi tuliokuwa tumepanga chumba ng’ambo ya feri tukafunga virago. Binti yangu aliingia Tanzania akiwa na miezi mitano, nimembeba mgongoni. Amesoma hapa, amecheza rede hapa, amepiga kura hapa.

Mwaka 2018 alikwenda Mombasa kufanya kazi ya saluni kwa shangazi yake, dada wa mume wangu aliyeolewa kule. Oktoba 2019 akajifungua mtoto wa kiume. Baba wa mtoto alikuwa na jina moja na namba mbili za simu, na namba zote mbili hazipatikani mpaka leo. Kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pa baba pamepigwa mstari. Januari 2020 mama na mwana wakarudi nyumbani Tanga.

Najua wapo watakaosoma hapa wakaguna kwamba binti hakulelewa. Wagune. Uraia wa mtoto haukuwekewa sharti la ndoa ya mama yake, na hata sheria ninayoilalamikia haikufika huko.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la kwanza. Anasoma silabi zake vizuri, na kwa hili msinidhanie upendeleo, maana nimesikiliza watoto wengi wakisoma silabi. Shule ilimpokea bila maneno. Mambo yalianza pale mama yake alipotaka kumtafutia hati ya kusafiria, kwa kuwa kulikuwa na arusi ya binamu yake Mombasa. Kijana wa ofisi alimuuliza mtoto kazaliwa wapi. Mombasa. Na wewe mama? Mombasa. Akanyamaza kidogo, akaomba niitwe mimi.

Yule kijana alikuwa na adabu. Alichukua kipande cha karatasi akachora duara tatu, moja chini ya nyingine. Ya juu akaandika “Bibi – kuzaliwa”. Ya kati, “Mama – kurithi”. Ya chini akaandika “Mtoto”, akaweka kistari, kisha alama ya kuuliza. Akaniambia, “Mwalimu, hapa mimi sina la kuandika.” Karatasi hiyo ninayo.

Binti yangu alivuka kwenda arusini peke yake. Mtoto alibaki nami, akaniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu: “Bibi, si mimi nilizaliwa kule? Sasa kwa nini siwezi kwenda?”

Huko Mombasa mama yake aliuliza pia upande wa pili. Aliulizwa maswali mawili tu. Wewe raia wa wapi? Tanzania. Baba wa mtoto? Hajulikani alipo, wala uraia wake haujulikani. Basi, mama, rudini kwenu.

Sheria yenyewe inasemaje? Vifungu navitaja kwa namba za Sheria ya Uraia ya Tanzania, Na. 6 ya 1995. Inatambua njia tatu. Kifungu cha 5 kinasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuanzia siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia kwa kuzaliwa, pakiwa na vizuizi vichache kama mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni. Kifungu cha 6 kinamhusu aliyezaliwa nje: baba au mama yake akiwa raia, naye ni raia, kwa kurithi. Ila kuna sharti, kwamba mzazi huyo naye asiwe raia wa kurithi. Njia ya tatu ni tajnisi, ya kuomba na kuandikishwa.

Mimi ni raia wa kuzaliwa. Binti yangu ni raia wa kurithi. Mjukuu wangu ana mama ambaye ni raia kamili, anayepiga kura na kulipia leseni ya biashara ya saluni yake, lakini mama huyo hana cha kumpa. Katika mirathi ninayoijua mimi, shamba la minazi alilorithi baba kwa babu hurithiwa tena na watoto. Sijapata kusikia kadhi akiwaambia wajukuu kwamba shamba hili limekwisha kurithiwa mara moja, sasa halina mwenyewe.

Jirani zetu Kenya wana kipimo kingine. Ibara ya 14 ya Katiba yao ya 2010 haitazami mahali. Inauliza: siku ulipozaliwa, baba yako au mama yako alikuwa Mkenya? Akiwa Mkenya, umepata uraia hata kama umezaliwa Tanga au Muscat. Asipokuwa Mkenya, kuzaliwa Mombasa peke yake hakukupi kitu. Kwa hiyo Kenya inamwambia mjukuu wangu atazame kwa mama yake, na Tanzania inamwambia atazame alikozaliwa mama yake. Kila nchi, ukiisikiliza peke yake, ina maneno ya maana. Mtoto ndiye aliyedondoka katikati, kama sarafu inayoingia kwenye ufa wa sakafu ya mbao.

Kuna jambo jingine kwenye ibara hiyo hiyo ya Kenya, nalo nililisoma mara tatu. Linasema mtoto atakayeokotwa Kenya, anayeonekana hajafikia miaka minane, na ambaye wazazi wake na uraia wake havijulikani, atachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni kifungu cha huruma na nakisifu. Lakini tazameni kinatufikisha wapi. Binti yangu angemviringisha mwanawe kwenye khanga akamwacha kwenye baraza la msikiti, leo mtoto angekuwa na nchi. Alimnyonyesha, akambeba, akamrudisha kwa bibi yake, na kwa hilo mtoto akakosa nchi.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Sheria yetu inamwacha mtoto bila uraia wa nchi yoyote, na sisi wenyewe tuliahidi kutofanya hivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo Bunge hili hili liliipitisha, inasema katika kifungu cha 6 kwamba mtoto ana haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake. Haikusema “mtoto aliyezaliwa upande huu wa mpaka wa Horohoro”. Tanzania pia iliridhia mwaka 2003 Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao ibara yake ya 6 inampa kila mtoto haki ya kupata uraia. Nikiweka Sheria ya Uraia na Sheria ya Mtoto mezani, moja inampa mjukuu wangu kitu ambacho nyingine inamnyang’anya. Nikiwa mwalimu, mwanafunzi akiniletea majibu mawili yanayopingana kwa swali moja, simpi alama ya yote mawili.

2. Kipimo cha kifungu cha 6 hakipimi kile kinachodaiwa kupimwa. Tunaambiwa kizazi kimoja kiliwekwa ili uraia usiendelee kwa watu ambao ukoo wao ulikwisha kuhama, wasiojua hata Tanzania iko upande gani. Hoja hiyo naielewa. Lakini kinachopimwa si kuhama. Kinachopimwa ni kitanda cha hospitali, siku mbili tu: siku aliyozaliwa mama na siku aliyozaliwa mtoto. Binti yangu ameishi Tanzania umri wake wote isipokuwa miezi mitano ya mwanzo na mwaka mmoja na ushee wa kazi. Mtoto wake ameishi hapa tangu akiwa na miezi mitatu. Sasa chukueni familia nyingine: mtoto azaliwe Tanga, abebwe akiwa na wiki mbili, asirudi tena maisha yake yote, kisha azae ughaibuni. Mtoto wake huyo, asiyejua neno la Kiswahili, ni raia wa kurithi bila shida yoyote. Simwonei wivu. Nauliza tu, yupi kati ya hawa wawili ndiye ukoo wake umehama?

Tena ukisoma kifungu cha 5 kama kilivyoandikwa, hata mtoto wa wageni waliopita njia akizaliwa Tanga ni raia. Najua kwenye meza za maofisa hakisomwi hivyo, na uraia wa mzazi huulizwa. Hilo nalo ni tatizo, sheria kuwa na maneno yake na meza kuwa na maneno yake, lakini leo nalipita.

3. Njia tuliyoonyeshwa ni ya hisani, nasi tunaomba haki. Nimeambiwa mara nyingi, “Mwalimu, mwombee tajnisi.” Ni kweli kwamba kifungu cha 10 kinamruhusu Waziri kumwandikisha mtoto wa raia aliye chini ya umri. Kinamruhusu, hakimlazimishi. Na kifungu cha 23 kinasema Waziri hatakiwi kutoa sababu ya kukubali au kukataa, na uamuzi wake hauna rufaa wala hauangaliwi na mahakama. Kwa hiyo mtoto anaweza kukataliwa bila kuambiwa kosa lake ni nini, na mimi bibi yake nisiwe na mlango wa kubisha.

Kifungu hicho cha 23 kimekwisha kutuaibisha Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika hukumu ya 22 Machi 2018, iliamua shauri la mtu aliyekuwa na hati za Tanzania, akanyang’anywa uraia, akapelekwa Kenya, Kenya wakamkataa, akabaki kuishi kwenye kipande cha ardhi kati ya mipaka miwili. Mahakama ilisema kwamba serikali iliyompa mtu hati ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia, ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria yake ili mwenye mgogoro wa uraia awe na pa kwenda mahakamani. Mwaka uliofuata, Novemba 2019, Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri yao moja kwa moja kwenye Mahakama hiyo. Ndiyo maana mjukuu wangu hana wakili Arusha. Ana barua ya bibi yake.

Na hata akipewa hiyo tajnisi, atakuwa raia wa aina ambayo sheria inaruhusu kunyang’anywa kwa sababu ambazo hazimgusi raia wa kuzaliwa. Mama yake raia, bibi yake raia, babu yake amezikwa hapa, yeye aandikishwe kama mgeni aliyekuja na kupokelewa.

4. Mlituambia tuvuke. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 2010, na kwenye redio tukaambiwa kwamba sasa mtu wa Tanga anaweza kufanya kazi Mombasa, wa Kisumu akafanya Mwanza, wa Kigali akafanya Bukoba. Wanawake wanaokwenda kufanya kazi ni wanawake wa umri wa kuzaa. Hilo halikuhitaji mtaalamu kulitabiri. Soko likafunguliwa, sheria ya uraia ikabaki kama ilivyoandikwa 1995, wakati kwenda ng’ambo ya mpaka kulionekana jambo la mtu mmoja mmoja. Katika ukoo wetu mimi ni wa kwanza kujifungulia Mombasa na binti yangu ni wa pili, na hatukufanya hivyo kwa kupanga. Ukanda huu wa pwani, kutoka Pangani hadi Lamu, watu wameolewa huku na huku tangu kabla ya huo mpaka wenyewe.

5. Hakuna aliyetuambia. Hakuna aliyemwambia binti yangu, alipokuwa na ujauzito wa miezi saba, kwamba yeye akijifungulia Mombasa mambo yake si sawa na ya mwenzake wa chumba kimoja, Mtanzania vilevile, ambaye yeye alizaliwa Muheza. Wote wawili walikuwa na pasipoti za rangi moja.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa majibu ambayo najua yanakuja, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyapokea.

Mtasema: angerudi kujifungulia nyumbani. Waheshimiwa, uchungu haungoji basi la asubuhi. Na mwanamke anayelipwa kwa kila kichwa anachosuka hafungi kazi miezi miwili kwa ajili ya kifungu asichokijua.

Mtasema: hili ni jukumu la Kenya, ndiko mtoto alikozaliwa. Kwa sehemu ni kweli, na nitalisema bila kuwaonea haya majirani. Mkataba ule ule wa Afrika, ibara ya 6, unataka mtoto apewe uraia wa nchi alikozaliwa ikiwa wakati huo hakuna nchi nyingine inayompa. Kenya iliuridhia mwaka 2000. Na Kenya ikitaka, inaweza: Wamakonde wa Kwale walianza kupewa vitambulisho mwaka 2016, na Wapemba wa pwani yao walitambuliwa mwaka 2023, na Wapemba hao asili yao ni huku kwetu. Lakini Wapemba hao walikaa miongo mingapi bila karatasi, wakificha nyavu zao kila wakisikia injini ya boti ya askari? Mjukuu wangu sitamweka kwenye foleni ya namna hiyo. Haishi Kenya. Anaishi Tanga, analala chumba cha pili kutoka changu. Barua ya Kenya nitaiandika. Hii ni ya kwenu kwa sababu ninyi ndio wangu.

Mtasema: usalama. Tukilegeza, wageni watajipenyeza kwa vyeti vya kufoji. Mpaka unafaa kulindwa, sibishi. Lakini mtoto huyu hana hadithi ya kubuni. Cheti changu kipo. Cha marehemu babu yake kipo. Hati ya binti yangu mmeitoa ninyi wenyewe. Anayetaka kufoji ukoo wa vizazi vitatu Tanga ana kazi kubwa kuliko anayefoji cheti kimoja, na kuna mabalozi wa nyumba kumi bado wako hai wanaotukumbuka.

Mtasema: tumekwisha kuwafikiria walio nje kwa hadhi maalumu. Hadhi hiyo ni ya mwenye asili ya Tanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine. Mjukuu wangu hana huo wa nyingine. Hawezi kupewa kiti cha mgeni wa heshima mtu ambaye hana kwake.

Mtasema pia, na hili ndilo linalonichosha zaidi: ni kesi chache. Kama ni chache, basi kuzimaliza ni rahisi. Tanzania hii ilitoa uraia kwa zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi, waliokuja mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, waliojenga makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na dunia ikatustahi kwa hilo. Nilifundisha jambo hilo darasani kwa fahari. Siamini kwamba nchi iliyoweza kuwaandika watu wote wale inashindwa na mtoto wa darasa la kwanza Tanga.

Wala sheria ya uraia si msahafu. Imekwisha kubadilishwa. Kabla ya hii ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje alitazamiwa baba tu. Mama Mtanzania hakuhesabiwa. Bunge la wakati ule liliona kasoro likaongeza neno “mama”, na kwa neno hilo moja watoto wengi wakapata kwao. Nami leo naomba maneno machache tu yaongezwe.

Maombi yangu ni haya.

1. Kifungu cha 6 kirekebishwe, ili mtoto aliyezaliwa nje na mzazi ambaye ni raia wa kurithi awe raia tangu siku ya kuzaliwa endapo bila hivyo atakosa uraia wa nchi yoyote. Mkiona hilo ni pana mno, wekeni sharti: mzazi awe ameishi Tanzania idadi fulani ya miaka, au babu na bibi wahesabiwe. Kuwahesabu babu na bibi si jambo geni katika Afrika Mashariki. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 10, inamtambua kuwa raia mtu ambaye mzazi wake au babu au bibi yake alikuwa raia wa kuzaliwa wa Uganda, awe kazaliwa ndani au nje.

2. Kifungu cha 23 kiondolewe, au angalau kisiguse watoto. Anayekataliwa uraia aandikiwe sababu, na awe na mahakama ya kwenda.

3. Wakati marekebisho yanasubiriwa, maombi ya watoto wa namna hii chini ya kifungu cha 10 yapokelewe, yapewe namba, na yajibiwe kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana. Mimi niko tayari kuomba hata hiyo hisani, maana mtoto hawezi kungoja mpaka sheria ipikwe. Ila nijibiwe.

4. Pale Horohoro, Namanga, Holili, Sirari na mipaka mingine, libandikwe tangazo la Kiswahili chepesi linalowaeleza wazazi uraia wa mtoto atakayezaliwa ng’ambo unapatikanaje. Mabango ya kukataza mifuko ya plastiki yapo, na watu wanayasoma.

Sijaandika neno lolote kuhusu uraia pacha, na naomba msije mkanijibu kwa huo. Huo ni mjadala wa watu wenye uraia zaidi ya mmoja. Sisi tunatafuta mmoja.

Bado ana miaka kumi na moja kabla ya kufika kumi na nane, na huenda mnaona ni muda mrefu. Nimelea watoto wa watu. Miaka kumi na moja ni kufumba na kufumbua. Atataka kusajili laini ya simu, ataulizwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Atataka mkopo wa chuo, ataulizwa uraia. Atataka kupiga kura kumchagua mmoja wenu. Siku hiyo nataka awe na la kuandika kwenye nafasi ya uraia, maana huenda mimi sitakuwepo kuitwa ofisini.

Naomba jibu kabla ya kikao cha Bunge la bajeti. Nikiitwa Dodoma nitakuja, nauli nitajitafutia, na vyeti vyote nitakuja navyo pamoja na ile karatasi yenye duara tatu. Alama ya kuuliza bado ipo. Sijaifuta, kwa kuwa si mimi niliyeiandika.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Bibi wa mtoto,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.